Unga wa Ignas

Ignas hakuwahi kurudisha pleti za vyuma vya mazoezi mahali pake hata siku moja. Alikuwa akimaliza kunyanyua, anaacha chuma na vizito vyake vyote pale pale kwenye benchi, anajifuta jasho na kuondoka zake, na mimi nabaki kuvichomoa kimoja kimoja huku nikiutukana mgongo wake. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililonifanya nimtambue aliporudi.

Jimu ni yangu. Ipo Nyahanga, hapa Kahama, nyuma ya duka la vipuri la Jignesh, mwenye jengo, ambaye anaishi ghorofani juu yetu. Jina langu ni Vumilia, ingawa watu wananiita Mama Wema, na ni afadhali, maana uvumilivu sina. Wateja wangu wengi ni wachimbaji wa dhahabu. Wanatoka machimboni upande wa Geita na Mbogwe kuja mjini kupumzika, na kupumzika kwao ndiyo huko kunyanyua vyuma. Mtu ametoka duarani, amepanda na kushuka shimo zima na mfuko wa mawe begani, halafu anakuja kwangu kubeba chuma ambacho hakina hata chembe ya dhahabu. Sijawahi kuwaelewa, lakini nawapenda.

Karibu na mlango nina meza na jiko la gesi. Ninapika uji wa mtama wenye karanga na maziwa, nauza na mayai ya kuchemsha na ndizi. Ignas alikuwa anakuja moja kwa moja kutoka stendi, vumbi la mawe bado liko kwenye kope, anakunywa uji kikombe kikubwa na kingine juu yake, ndipo anashika chuma. “Mama Wema, unga wako ndio unanibeba,” alikuwa akisema. Alikuwa kijana mkubwa, mwenye sauti kubwa na kicheko cha kusikika hadi barabarani.

Kisha likaja lile kopo jeusi. Alinunua kwa rafiki yake wa Mwanza. Lilikuwa na picha ya mwanamume mwenye shingo nene kuliko kichwa, maandishi ya kigeni kutoka juu hadi chini, na ndani unga mweupe laini. Siyo wa kujenga misuli, alinieleza, ni wa kuuamsha mwili kabla ya mazoezi. Ukiunywa unasikia kama sisimizi wanakutembea usoni, na chuma kinakuwa chepesi. Uji akaacha. Eti unajaza tumbo. Baadaye hata maji aliacha kuchanganyia, akawa anaulamba mkavu kwa kijiko cha humo humo, vijiko viwili, vitatu, huku akinichekea na meno yote meupe kwa unga. Nikimfokea, ananiambia, “Tulia, mama.”

Siku aliyokufa alitoka shimoni hajalala wala hajala. Akalamba unga wake, akashushia na kopo la kinywaji cha enaji, akapakia chuma kizito kuliko siku zote. Alikinyanyua. Kila mtu alimpigia makofi. Watu walipotawanyika kwenda kuoga, alikaa kwenye benchi, akaegemea ukuta na kuniambia mimi peke yangu, “Ngoja nipumzike kidogo. Bado seti moja.” Nikaendelea kuosha vikombe. Nilipogeuka kumwambia achomoe pleti zake, kichwa kilikuwa kimemwangukia kifuani, ameshakata roho.

Hospitali walisema ni moyo. Pleti nilizichomoa mwenyewe, nikilia na kumgombeza kwa pamoja.

Walimzika kwao, kijijini nje kidogo ya Ushirombo, kwa shangazi yake Apolonia, aliyewalea yeye na mdogo wake Enock baada ya wazazi wao kufariki. Matanga yalipoanuliwa, vitu vya marehemu viligawanywa, na Enock akapata mkanda wa mazoezi, viatu, simu, na lile kopo likiwa limebaki nusu. Akaja Kahama, akakaa katika chumba cha kaka yake na kuanza kufanya mazoezi kwangu. Huyu alikuwa mwembamba, mpole, mtu wa kukuamkia shikamoo kila anapopita hata kama mmeonana dakika hiyo hiyo. Nilifurahi kumwona. Nilijiambia, angalau wa pili nitamlisha vizuri.

Enock alipofika tu, mambo yakaanza. Nilifungua mlango asubuhi nikakuta chuma kiko kwenye benchi la ukutani kimepakiwa. Zile pleti kubwa ndani, na kila upande kijipleti kidogo cha mwisho kabisa, kama alivyokuwa akipanga Ignas na si mtu mwingine. Benchi lilikuwa na unyevu. Nilipogusa, mkono ukatoka na harufu ya jasho na ya vumbi la mawe.

Nilimvaa Enock. Nikamwambia kama ameiba ufunguo wangu aurudishe kabla sijamwitia mgambo. Akaapa kwamba hana ufunguo, na macho yake yalionyesha hana. Nikanunua kufuli jipya. Kesho yake chuma kilikuwa kimepakiwa tena, kufuli zima, dirisha zima. Nikachomoa pleti. Keshokutwa, vile vile.

Halafu Jignesh akashuka na kikombe chake cha chai, akaniita pembeni.

“Mama Wema, mimi sina neno na biashara yako,” alisema. “Lakini yule mteja wako wa alfajiri, mwambie aweke chuma chini taratibu. Mke wangu anaamshwa kila siku.”

“Mteja gani wa alfajiri?”

“Huyo anayehema kwa nguvu. Kwani si umempa ufunguo?”

Nilirudi ndani. Mimi ni mtu wa kanisani na ni mtu wa hasira, na sikuona katika mambo hayo mawili mzimu atapenya wapi. Kwa hiyo niliamua kukasirika. Asubuhi iliyofuata niliingia, nikaliendea lile benchi, nikasema kwa sauti, “Ignas, kama ni wewe, basi rudisha pleti!” Nikageuka, nikawasha jiko, nikaanza kukoroga uji. Nyuma yangu chuma kikalia. Kililia mara moja tu, namna kinavyolia mtu anapokishika kupima kama ataweza.

Nilitoka mbio. Nilisimama barabarani katikati ya vijana wa bodaboda na mwiko mkononi hadi mteja wa kwanza alipofika, na uji ukaungua. Niliogopa, sifichi. Kilichonitia woga zaidi si kwamba alikuwa amekufa, bali kwamba alikuwa bado anafanya mazoezi.

Huku nyuma Enock alikuwa anaisha. Mashavu yalibonyea, macho yakawa mekundu, na mikono ilikuwa inatetemeka hata akishika kikombe kitupu. Uji wangu aliuacha nusu. Wakati huo huo uzito anaonyanyua ulikuwa unapanda kila siku, na ulikuwa unapanda kuelekea pale pale alipofikia kaka yake. Mchana mmoja nilimkuta amejificha nyuma ya pazia la chumba cha kubadilishia nguo, kopo jeusi mapajani, kijiko mdomoni.

Nilimshika mkono. Moyo wake niliusikia hadi kwenye kiwiko. Ulikuwa unakimbia, unasita, unakimbia tena.

“Unataka kufa na wewe?” nilimuuliza. “Nikuzike na wewe kwa sababu ya ujinga huu?”

“Nifanyeje, Mama Wema?” Hakuwa na ubishi, alikuwa amechoka tu. “Kaka haniachi nilale. Nikifumba macho anakuja, ananitikisa bega. Anasema, ‘Enock, amka. Bado seti moja.’ Yeye halali, na mimi silali. Nikinywa huu angalau naweza kuendana naye.”

Yale maneno ya Ignas kwenye benchi sikuwa nimemwambia mtu yeyote, si polisi, si daktari, si hata Wema mwanangu.

Nilimpokonya kopo nikitaka kulimwaga chooni. Ndipo kwa mara ya kwanza Enock aliniinulia sauti. “Usimwage! Ni kitu cha marehemu. Shangazi alisema vitu vyake visitupwe bila yeye kuwepo.”

“Basi twende kwa huyo shangazi yako.”

“Lini?”

“Kesho. Ukichelewa nakubeba.”

Asubuhi ya safari nilipita jimu kuchukua mfuko wa unga wangu wa mtama na sukari, maana siendi kwa mtu mzima mikono mitupu. Chuma kilikuwa kwenye benchi, kimepakiwa kama kawaida. Sikukigusa. Nilifunga kufuli, tukapanda basi la Ushirombo. Njia nzima Enock alikuwa macho, ameegemeza kichwa kwenye kioo, midomo inacheza kama mtu anayehesabu pumzi za mwenzake. Nami nilikuwa namhesabia zake.

Tulimkuta Apolonia uani anamenya mihogo. Ni mama mfupi, mkavu, mwenye macho ya kuona mbali. Tukamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, kisha akamtazama Enock vizuri na kisu kikamtoka mkononi.

“Ng'wanawane, mwanangu,” alisema, akamshika uso kwa mikono miwili. “Nani amekunyonya hivi?”

Nilitoa kopo nikaliweka mbele yake. Nilikuwa nimejiandaa kwa hotuba nzima ya kumweleza ni kitu gani. Sikuianza.

“Huo unga bado upo?” aliuliza. “Nilidhani nilimmalizia.”

“Ulimmalizia nani, shangazi?” Enock aliuliza.

“Ignas.”

Alinieleza bila haraka, akishangaa kwamba sijui. Katika ukoo wao, matanga yakianuliwa, alfajiri yake marehemu huchanganyiwa unga na maji, humwagiwa kaburini na kuambiwa alale, asihangaike tena na kazi za watu. Na unga huo hauazimwi wala hauchotwi kwa jirani. Lazima uwe ule aliokuwa akila nyumbani kwake mwenyewe, ili aujue mdomoni na asiukatae. Vitu vya Ignas vilipoletwa kutoka Kahama, Apolonia alipekua kila kitu. Hakukuwa na mtama wala mahindi. Kulikuwa na kopo moja lenye unga mweupe.

“Nikajua wa kwake ni huo,” alisema. “Nikaona na picha ya mtu mwenye afya pale juu. Nikasema, kumbe mwanangu alikuwa anakula lishe nzuri.”

“Ulimpa kiasi gani?”

“Bakuli.”

“Bakuli zima?”

“Tangu mtoto alikuwa anakula sana, mama. Ningempunjaje siku ya mwisho?”

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Nilikaa chini pale pale kwenye maganda ya mihogo. Nilimwambia polepole, kwa mara ya kwanza siku nyingi bila hasira yoyote, kwamba ule haukuwa unga wa kula. Ulikuwa ni unga wa kuamsha. Anayelamba kijiko tu halali siku nzima, na moyo wake unamgonga kama mlango wenye mgeni. Nilimwambia Ignas alikuwa ameulamba siku ile, na kwamba tangu matanga yao yaanuliwe anakuja alfajiri jimu kwangu na kunyanyua vyuma, na usiku anakwenda kumwamsha mdogo wake.

Apolonia alikuwa anatazama nyuma ya nyumba, ambako msalaba wa saruji ulionekana kati ya mashina ya mahindi makavu.

“Nilimwambia alale,” alisema. “Mimi kwa mdomo wangu nilimwambia, lala, baba. Na mkono wangu ukampa cha kumkesheza.” Akajifunika uso kwa khanga, na mabega yakaanza kumtikisika.

Enock ndiye aliyemshika. Alipotulia, mama yule alijifuta macho, akawa mtu wa kazi tena. Alitaka kujua kabla ya kopo hilo Ignas alikuwa akila unga gani kwake.

“Kwake hakukuwa hata na sufuria,” Enock alisema. “Alikuwa anakula kwa Mama Wema. Alikuwa ananiambia kwenye simu, mdogo wangu, mimi Kahama nina chumba cha kulala, ila nyumbani ni pale kwenye uji.”

Hilo nilikuwa silijui. Miaka yote hiyo nilidhani nauza uji tu. Niliinamia mfuko wangu ili wasinione, nikautoa ule unga wa mtama niliomletea Apolonia kama zawadi, na kuuweka mapajani kwake.

Alfajiri tulikwenda kaburini watatu. Apolonia alichanganya unga na maji kwenye kibuyu, akaukoroga kwa mkono, kisha akanipa mimi. Nikamwambia mimi si wa ukoo, na maneno yao siyajui.

“Unga ni wako, mkono uwe wako,” alisema. “Mwambie vile unavyomwambiaga.”

Nilisimama na kibuyu. Kulikuwa na baridi, na ng'ombe wa jirani walikuwa wameanza kulalama zizini. Niliona aibu, halafu nikaona uchungu, halafu ikaja ile sauti yangu ya kila siku.

“Ignas,” nilisema. “Mazoezi yamekwisha. Seti uliyosema bado, nakwambia mimi mwenye jimu, haipo. Weka chuma chini. Mwache mdogo wako alale. Na wewe kunywa uji wako…” Nikamwaga. Udongo ulikuwa mkavu na ulikunywa wote papo hapo, ukabaki weupe kidogo juu, ule weupe uliokuwa ukibaki kwenye kikombe chake.

Hakikutokea kitu. Jogoo wakawika, moshi ukaanza kupanda kwa majirani. Nyuma yangu nikamsikia Enock anaketi kwenye gogo, anashusha pumzi ndefu.

“Ngoja nipumzike kidogo,” alisema.

Nilipogeuka, kichwa kilikuwa kimemwangukia kifuani, mikono imelegea, macho yamefumba, kama nilivyomkuta mwenzake. Nilitupa kibuyu. Sikumbuki nilivyofika pale. Nilimlaza chini, nikaweka sikio kifuani kwake, na mwanzoni sikusikia ila moyo wangu mwenyewe. Nikamwomba Mungu, nikamtukana Ignas, nikamwomba Mungu tena. Ndipo nikausikia wake. Ulipiga polepole. Ukanyamaza kidogo, ukapiga. Kisha Enock akafungua mdomo na kukoroma.

Sikuondoa sikio. Jua lilitoka likatuchoma mgongoni, Apolonia akaleta khanga akamfunika, na mimi niko pale pale nasikiliza. Baadaye mama yule alichimba shimo mbali na kaburi, akamwaga ule unga wote uliobaki, na kopo akalitoboa kwa kisu lisichotewe hata maji. Enock alilala mchana kutwa. Alipoamka aliomba chakula, na nilipomuuliza kama kaka yake alikuja, alitikisa kichwa.

Nilimwacha kwa shangazi yake ale, alale, arudi akipenda. Kesho yake mapema nikapanda basi peke yangu.

Jignesh alikuwa anafungua duka nilipofika. Alinisalimia, akanifuata hadi mlangoni kwangu.

“Alikuja tena jana alfajiri,” alisema. “Lakini jana alikuwa mstaarabu. Hakuhema, hakupiga chuma. Nilisikia anapangapanga vitu, taratibu sana. Halafu kimya. Na leo hakuja kabisa.”

Nilisubiri arudi dukani kwake ndipo nikafungua kufuli. Benchi la ukutani lilikuwa kavu. Chuma kilikuwa mahali pake, kitupu. Na pale ukutani, kwenye vyuma vya kuhifadhia, pleti zote zilikuwa zimerudishwa, kubwa chini, ndogo juu, na vile vijipleti viwili vya mwisho vimewekwa pembeni pamoja, kama nilivyokuwa nikimfokea azipange miaka yote.

Nilikaa kwenye benchi lake, nikalia hadi nikachoka.

“Kumbe ulikuwa unajua zinapokaa,” nilimwambia.